Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Dry Tortugas: mgeni aelezwe kabla hajalipa

KWA: Mkuu wa hifadhi na wasaidizi wake, wenye mikataba ya boti na ndege za kwenda kisiwani, na wabunge wa Marekani wanaopitisha bajeti ya hifadhi za taifa.

YAH: TAARIFA KWA WAGENI, HALI YA NGOME NA USALAMA WA NDEGE WA BAHARI KATIKA HIFADHI YA TAIFA YA DRY TORTUGAS

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni watu tunaowapangia safari wageni wanaozungumza Kiswahili wanaofika kusini mwa Florida. Hoja zilizomo humu zimeshapita kwenye fomu za maoni na barua pepe, zikaishia hukohuko. Sasa tunaziweka hadharani ili wageni nao wazisome, kwa kuwa wao ndio wanaolipa.

Lalamiko letu ni hili. Mambo yanayoamua kama safari itafana au itaharibika, yaani maji, muda, hali ya bahari, visiwa vilivyofungwa na hata mafuta ya jiko, mgeni huyajua akiwa ameshatoa pesa, na mara nyingi akiwa ameshasimama gatini Key West, mji wa Florida zinakoondokea boti, na mizigo mgongoni. Hatusemi taarifa hazipo. Zipo, ila zimetawanyika: nyingine kwa mwenye boti, nyingine kwenye kurasa za hifadhi, nyingine ubaoni kisiwani kwenyewe, ambako haziwezi tena kumsaidia mtu aliyesahau maji.

Kwa msomaji asiyepajua, Dry Tortugas ni kundi la visiwa saba vidogo vya mchanga na matumbawe, kilomita zipatazo 113 magharibi ya Key West. Eneo lote la hifadhi ni takriban kilomita za mraba 259, karibu lote bahari. Mvumbuzi wa Kihispania Juan Ponce de León alipita hapo mwaka 1513 akaviita visiwa vya kasa, Las Tortugas. Neno la ukavu, Dry, likaongezwa baadaye kwenye ramani ili mabaharia wajue hakuna maji ya kunywa. Onyo hilo la ramani bado ni la kweli leo. Kisiwa cha Garden ndicho kilichobeba Fort Jefferson, ngome yenye pembe sita iliyoanza kujengwa mwaka 1846, ikajengwa kwa miaka thelathini hivi na haikukamilika. Imekula matofali zaidi ya milioni 16, na hakuna jengo la matofali linaloizidi kwa ukubwa katika bara lote la Amerika. Jeshi liliondoka mwaka 1874. Eneo likatengwa kwa ajili ya ndege wa bahari mwaka 1908, likawa eneo la kumbukumbu la taifa mwaka 1935, na hifadhi ya taifa mwaka 1992.

Hoja zetu ni hizi.

1. Muda wa kisiwani unauzwa kama siku nzima

Boti ya abiria huondoka Key West saa mbili asubuhi na hufika kisiwani kama saa nne na nusu. Inaondoka kisiwani karibu saa tisa alasiri. Mgeni anabaki na saa nne na nusu hivi, na humo atoe muda wa chakula cha mchana, ambacho huliwa kwenye boti, na muda wa kujisuuza chumvi na kupanga foleni ya kupanda. Saa zinazobaki hazizidi tatu na nusu, kwa safari ambayo nauli yake kwa mtu mzima ni dola 200 au zaidi.

Muda huo unatosha mambo mawili yakifanywa vizuri. Hautoshi manne. Mtu akichukua ziara ya ngome pamoja na mwongozaji, ambayo ni kama dakika 45, kisha akapanda mwenyewe juu kwenye mizinga, akashuka na kuogelea kwa miwani na mrija kandokando ya ukuta wa nje wa handaki la maji linaloizunguka ngome, siku imekwisha. Anayetaka kutazama ndege wa bahari aanze na hao asubuhi, kabla jua halijawa kali na mvuke wa joto haujaanza kuichezesha picha kwenye darubini. Anayetaka samaki aanze kwenye nguzo za magati ya zamani ya makaa ya mawe, kaskazini na kusini mwa kisiwa, kabla abiria wengine hawajavaa miwani zao na kuutibua mchanga wa chini.

Tatizo kubwa zaidi ni mnara wa taa wa Loggerhead. Ulijengwa mwaka 1858, una urefu wa mita 46 hivi, na picha zake humtamanisha kila anayetafuta habari za safari hii. Lakini mnara huo hauko kwenye kisiwa cha ngome. Uko kilomita tano hivi magharibi, ng'ambo ya mkondo wa bahari wazi, na boti ya abiria haiendi huko. Anayefika ni mwenye chombo chake au mpiga kambi mwenye kayaki, kibali cha bure, koti la kuokolea, redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) na mikono iliyozoea kupiga kasia dhidi ya mkondo. Mgeni wa siku moja ataishia kuuona kwa mbali kama kijiti. Karibu na kisiwa hicho kuna mwamba wa matumbawe unaoitwa Little Africa, kwa sababu ukitazamwa kutoka juu una umbo la bara letu. Wageni wetu wakisikia jina hilo hakuna anayetaka kubaki Garden, na ni kazi yetu kuwavunja moyo. Tungependa kazi hiyo ifanywe na ukurasa wa tiketi.

Tunaomba tiketi iuzwe pamoja na ratiba ya kweli ya dakika, na picha ya mnara wa Loggerhead popote inapotumika iwe na maneno haya chini yake: "Boti ya abiria haifiki hapa."

2. Maji, vyoo na mzigo wa mpiga kambi

Kisiwani hakuna bomba la maji, duka, mgahawa, pipa la taka wala bafu. Simu hazishiki mtandao. Kwa mgeni wa siku moja boti inaziba mapengo hayo, kwa sababu ina maji, chakula na vyoo. Kwa mpiga kambi, boti ikishang'oa nanga kila kitu ni alichobeba.

Hesabu iko hivi. Lita nne za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia. Mtu wa usiku tatu abebe za siku nne, na juu yake aongeze siku moja nzima ya akiba, kwa kuwa boti inaweza kufutwa kwa sababu ya upepo. Hizo ni lita 20 kwa mtu mmoja. Kikomo cha mzigo kwenye boti ni kilo 27 hivi kwa mpiga kambi, maji yakiwa nje ya hesabu hiyo. Jambo hili la maji kuwa nje ya hesabu linawaponyoka wengi. Wanapunguza maji ili waingie ndani ya kilo, kumbe wangepunguza viti vya kukunja.

La pili ni jiko. Gesi na mafuta ya majimaji ya jiko havipandi boti ya abiria, kwa kanuni za usalama majini. Kuni haziruhusiwi kuchomwa kisiwani. Kinachobaki ni mkaa, na ule wa kujiwasha kwa kiberiti bila kumwagiwa mafuta ndio unaofaa. Mtu akija na mtungi wake mdogo wa gesi ataambiwa auache gatini saa moja asubuhi, maduka mengi yakiwa hayajafunguliwa, na atakula vitu vikavu siku zake zote.

La tatu ni panya. Wapo, wanatoboa hema kwa ajili ya kipande cha mkate, na mfuko wa plastiki hauwazuii kitu. Chakula kiwekwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko wa kubana au kining'inizwe. La nne ni vyoo vya kambini, vinavyogeuza kinyesi kuwa mboji: hufungwa mchana boti ikiwa gatini, na wapiga kambi hutumia vya kwenye boti. Mboji haivumilii mamia ya watu kwa siku, hivyo utaratibu una sababu nzuri, ila mtu asiyeuelewa huuona ni unyanyasaji. Mstari mmoja wa maelezo ungeumaliza ugomvi huo.

Nafasi za kambi ni nane za mtu mmojammoja au kikundi kidogo, dola 15 kwa usiku, anayetangulia ndiye anayechukua. Waliozidi hupangwa kwenye eneo la pamoja. Boti hubeba wapiga kambi kumi tu kwa siku, kwa hiyo kinachokwisha mapema ni viti vya kwenye boti wala si nafasi ya hema. Watu wanaulizia kambi kwanza, wanaambiwa hazihifadhiwi, wanatulia, na wakija kununua tiketi wanakuta miezi imeshajaa.

3. Bahari ielezwe jinsi ilivyo

Safari ya zaidi ya saa mbili kila upande hupita kwenye maji ya wazi. Kuanzia Novemba hadi Machi, baridi inaposhuka kutoka kaskazini, upepo hugeuka ghafla na mawimbi huipiga boti ubavuni. Boti haiogopi mawimbi hayo; tumbo la mgeni ndilo linaloogopa. Dawa ya kuzuia kulewa bahari inywewe kama saa moja kabla ya kupanda. Ikinywewa chombo kikishaanza kuyumba haifanyi kazi, kwa sababu tumbo limeshakataa kupokea. Mgeni akae nyuma na chini, karibu na katikati, macho yakiangalia upeo wa bahari.

Majira ya kiangazi maji hutulia na kuwa angavu, lakini msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba, na joto ndani ya kambi huwa la kuchosha. Ndege zinazotua majini hufika kwa dakika 40 hivi, zikiwa na viti vichache na utegemezi mkubwa wa upepo.

Kuna pia kufungwa kwa ghafla kusikotokana na hali ya hewa. Januari 2023 hifadhi ilifungwa kwa siku kadhaa baada ya wahamiaji wapatao 300 kutoka Cuba kutua visiwani. Hakuna anayeweza kulaumiwa kwa hilo, na waliotua walistahili kuhudumiwa kwanza. Tunachoomba ni kanuni moja ya kurudisha nauli, inayosomeka kabla ya kulipa: boti ikifutwa na mwenye boti, pesa inarudi kwa njia gani na kwa siku ngapi, mgeni akiahirisha mwenyewe, anakatwa nini.

4. Kisiwa cha Bush na buabua

Hapa hatutaharakisha, kwa sababu hapa makosa ya mgeni yanaua.

Buabua wa mgongo mweusi, ndege wa bahari, hurudi Dry Tortugas kuanzia Januari na hukaa hadi karibu Septemba. Wanaotaga kwenye kisiwa cha Bush hufikia 80,000 na zaidi, wakiambatana na buabua kahawia wapatao elfu kadhaa. Ukiondoa visiwa vya mbali kama Hawaii, Marekani haina kundi jingine la maana la kutaga la ndege hawa. Jirani hapo, kwenye kisiwa cha Long, hutaga frigeti, ndege mkubwa wa bahari ambaye dume lake huvimbisha mfuko mwekundu shingoni.

Buabua hutaga yai moja tu kwenye mchanga mtupu. Kwenye jua la Florida kazi ya mzazi si kulipatia yai joto, ni kulikinga lisiive. Anasimama juu yake na kulitilia kivuli. Mtu akikaribia, ndege wote wa upande ule huruka kwa pamoja, na yai linabaki juani. Dakika chache zinatosha. Kinda naye akiachwa wazi, frigeti hushuka na kumchukua. Kinda akinusurika na kujifunza kuruka, huenda baharini na hukaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi kutaga. Hasara ya leo haitaonekana kwenye hesabu ya mwaka kesho. Itaonekana baada ya miaka, na hapo hakuna atakayekumbuka chanzo.

Sasa tazameni hali ya ardhi. Kati ya kisiwa cha Garden na kile cha Bush kuna ukanda wa mchanga unaokuja na kuondoka kwa amri ya mikondo na dhoruba. Ukiwepo, mtu anatoka kambini na kutembea hadi Bush bila kulowa magoti. Kisiwa hicho hufungwa msimu wote wa kutaga na hufunguliwa miezi michache ya mwisho na mwanzo wa mwaka. Visiwa vya Long na Hospital hufungwa mwaka mzima. Lakini ukanda wa mchanga hauna lango, na mgeni aliyesoma kwamba "unaweza kutembea hadi kisiwa cha jirani" hajui aliyeandika alikwenda mwezi gani.

Tunaomba mambo matatu hapa. Kwanza, anayenunua tiketi ya Februari hadi Septemba aone neno KIMEFUNGWA kwenye ukurasa wa malipo, pamoja na sababu kwa sentensi mbili. Watu huheshimu katazo wanaloelewa. Pili, mpaka kwenye mchanga uwekwe upya kila baada ya dhoruba, maana kigingi cha mwezi jana kinaweza kuwa kimeshazama majini na mpaka ukawa hauonekani. Tatu, darubini moja imara ya kusimamia miguu mitatu iwekwe mwisho wa kambi upande wa Bush, na mtu wa kujitolea wa kuielezea boti inapokuwapo. Mgeni aliyemwona kinda kwa darubini hana haja tena ya kuvuka.

Hatuzungumzii hatari ya kufikirika. Mamba mmoja aliishi kuzunguka ngome hiyo kwa miaka mingi, akawa kivutio, watu wakamzoea mno naye akawazoea, na mwaka 2017 ikabidi ahamishiwe Everglades, hifadhi ya taifa iliyo Florida bara. Alilipa yeye kwa mazoea ya watu.

5. Ngome inaliwa na chuma chake yenyewe

Mgeni akiizunguka ngome kwa nje ataona sehemu ambazo uso wa matofali umeporomoka kuzunguka madirisha ya mizinga, kana kwamba ilipigwa mabomu. Haikupigwa bomu hata moja. Hakuna adui aliyewahi kuishambulia.

Sababu ni hii. Kila dirisha la mzinga la ngazi ya chini lilifungwa milango mizito ya chuma iliyobuniwa na Joseph Totten, mkuu wa wahandisi wa jeshi. Ilikuwa kazi ya akili: mzinga ukilipuka, hewa inayotoka mdomoni inasukuma milango wazi, risasi inapita, na milango inarudi kujifunga yenyewe kumkinga mpigaji. Lakini chuma hicho kilizikwa ndani ya matofali, kwenye hewa ya chumvi. Chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa ya unene wake. Kikivimba ndani ya ukuta hakina pa kwenda ila nje, kwa hiyo kinausukuma uso wa matofali mpaka unaanguka kwenye handaki la maji. Kupaka rangi hakusaidii. Ni lazima ukuta ufunguliwe, chuma kitolewe chote, matofali yapangwe upya kwa mchanganyiko unaolingana na ule wa zamani. Fundi akitumia saruji ngumu ya kisasa unyevu hukosa pa kutokea, na tofali la karne ya 19 hupasuka kabla ya kiungo chake.

Kasoro ya pili iko chini. Ngome ilijengwa juu ya mchanga na vipande vya matumbawe, na kadiri ilivyopanda ndivyo ilivyodidimia. Chini ya sakafu walichimba mabirika 109 ya kukusanya maji ya mvua kwa ajili ya askari 1,500. Msingi ulipotulia, mabirika yalipasuka na maji ya bahari yakaingia. Kizuizi kikubwa kuliko vyote vya ngome hii kikawa kiu. Wakati huohuo mizinga mipya yenye mifereji ndani ya mtutu ilikuwa imeshathibitisha, kule Fort Pulaski, ngome ya matofali ya jimbo la Georgia, mwaka 1862, kwamba ukuta wa matofali hauwezi tena kusimama mbele yake.

Methali ya ufa na ukuta kila Mswahili anaijua, na hapa si methali. Kimbunga Irma mwaka 2017 kiliangusha sehemu ya ukuta wa nje wa handaki, ule ambao wageni hutembea juu yake kuizunguka ngome. Ukuta huo ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika kwenye kuta kuu. Ukiachwa na pengo, bahari inaanza kuichimba ngome yenyewe.

Tunajua jibu litakuwa bajeti, na tunakiri ni jibu zito: kila tofali, kila mfuko wa saruji, kila lita ya maji na kila fundi anavushwa baharini kilomita 113. Ndiyo maana barua hii imewafikia pia wabunge. Tunachowaomba wasimamizi hakihitaji fedha nyingi. Wekeni hadharani mpango wa matengenezo kwa kila upande kati ya pande sita: upande upi umekamilika, upi unafuata, upi umefungwa kwa wageni na kwa nini. Mgeni akute ramani hiyo kabla ya kupanda boti. Ikiwa njia ya juu ya ukuta wa handaki imekatika, ajue hataweza kuizunguka ngome yote. Na aelezwe wazi kwamba ngazi ya juu haina vizuizi pembeni, ukuta una urefu wa mita 14 hivi, na mwenye mtoto mdogo amshike mkono muda wote. Mwenye kiti cha magurudumu aambiwe kwamba anaweza kuona uwanja wa ndani na ngazi ya chini, na kwamba juu hupandwa kwa ngazi nyembamba za kuzunguka tu.

6. Historia inayosimuliwa nusu

Kila mgeni anarudi akijua jina la Samuel Mudd, daktari aliyehukumiwa katika njama za kumuua Rais Lincoln, akafungwa Fort Jefferson mwaka 1865, akawatibu wagonjwa homa ya manjano ilipoua watu 38 mwaka 1867, na akasamehewa mwaka 1869. Ni kisa kizuri na kinastahili nafasi yake.

Hakistahili nafasi yote. Miongoni mwa walioijenga ngome hiyo walikuwamo watumwa, waliokodishwa na wamiliki wao wa Key West. Ujira ulikwenda kwa wamiliki. Julai 1847 wanaume saba kati yao walijaribu kutoroka kwa vyombo vya baharini, wakakamatwa. Tafakarini ujasiri huo, pahali ambapo bahari ndiyo ukuta wa kwanza na wa mwisho. Na Mudd mwenyewe alipojaribu kutoroka Septemba 1865 kwa kujificha kwenye meli, ilikuwa wakati ambapo zamu ya ulinzi inapokewa na kikosi cha 82 cha askari weusi. Yeye aliyewahi kumiliki watumwa angelindwa na watu weusi wenye bunduki. Kisa kikisimuliwa bila kipande hicho kimekatwa kichwa.

Tunaomba mambo haya yaingie kwenye ziara ya kila siku ya dakika 45 badala ya kuachwa kwa mgeni mdadisi anayejua pa kuuliza. Na kama wageni wa Afrika Mashariki wanaongezeka, karatasi moja ya Kiswahili pale gatini si anasa. Tuko tayari kuitafsiri bila malipo.

7. Matumbawe

Kwa ufupi tu, kwa kuwa wenzetu wa bahari wameshalisemea. Ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe magumu ulifika Dry Tortugas mwaka 2021. Miwani, mapezi na nguo za kuogelea zilizotumika kwenye miamba mingine ya Florida Keys, mlolongo wa visiwa vya kusini mwa Florida, zisuuzwe na kukaushwa vizuri kabla ya kuletwa huku, na hilo haliwezekani kama mgeni anaambiwa akiwa ameshafika. Aambiwe pia kwamba handaki la maji haliogelewi, na kwamba ganda na kipande cha matofali vinabaki vilipo.

Waheshimiwa, tunajua majibu yatakayotolewa. Moja ni kwamba yote haya yameandikwa tayari. Tumeshasema hilo ni kweli, na tumeshasema tatizo ni mahali na wakati. La pili ni kwamba watu hawasomi. Watu husoma kile ambacho bila kukitia alama malipo hayapiti. Kila muuza tiketi duniani anajua hivyo. La tatu ni kwamba boti ni ya mkandarasi. Mkandarasi anafanya kazi kwa mkataba, na mkataba una masharti. Sharti jipya la ukurasa mmoja haliwezi kuwa zito kuliko yale yaliyomo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kabla ya Januari, buabua wanaporudi, pawe na ukurasa mmoja wa lazima kabla ya malipo, wenye saa halisi za kisiwani, visiwa vilivyofungwa kwa tarehe ya tiketi, hesabu ya maji na mafuta, na kanuni ya kurudishiwa nauli. Ndani ya miezi sita, ramani ya matengenezo ya ngome iwe hadharani na isasishwe kila sehemu inapofungwa au kufunguliwa. Bunge litenge fedha za ukuta wa handaki kwa fungu lake lenyewe, zisichanganywe na matumizi ya kila siku yanayoweza kuzimeza. Na jibu la barua hii litolewe hadharani, hoja kwa hoja, hata kama kwa baadhi ya hoja jibu ni hapana.

Wenu katika kuitunza hifadhi,

Wapangaji wa safari za wageni wanaozungumza Kiswahili